UZI: Alabasta ya Uingereza ya zama za kati. Ukitaka kulijua bamba, ligeuze mgongo kwanza

#1 Tindo

Wakuu, picha za sanamu hizi zinazunguka sana, na kila zikiwekwa maoni ni yale yale: "marumaru nyeupe safi, mkono wa bingwa mmoja". Si marumaru, haikuwa nyeupe tupu, na mara nyingi hakuna mkono mmoja hapo. Uzi huu unahusu mabamba ya alabasta ya Uingereza yaliyochongwa kuanzia katikati ya karne ya 14 hadi miaka ya 1530. Naanzia mgongoni kwa sababu mbele palitengenezwa papendeze, mgongo ulitengenezwa ufanye kazi tu.

Jiwe kwanza. Alabasta hii ni jasi, ile ile inayosagwa pamoja na saruji na kutengenezwa mbao za dari. Tofauti ni kwamba chembe zake ni ndogo na zimeshikana sana, kiasi kwamba mwanga unapenya kidogo. Ugumu wake ni 2 kwenye kipimo cha Mohs, yaani ukucha unaukwaruza. Ilichimbwa katikati ya Uingereza, hasa Tutbury katika Staffordshire na Chellaston karibu na Derby, kwenye matabaka ya udongo mwekundu uliogeuka mwamba. Wekundu huo unaingia ndani ya jiwe kama mishipa ya kutu. Kanisa la Tutbury lina alabasta kwenye tao la mlango wake wa magharibi tangu karne ya 12, ila soko lilichangamka baada ya wakubwa kuanza kuitaka makaburini. Sanamu ya mfalme Edward II iliyolala juu ya kaburi lake Gloucester ni alabasta, alikufa 1327.

Sasa bamba la kawaida la altare. Kimo karibu sentimita 40, upana 25, unene 4 au 5. Piga hesabu: 40 × 25 × 4 ni sentimita za ujazo 4,000, na jasi ina gramu 2.3 kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hiyo ni kilo 9 na ushei kabla tindo halijagusa. Yapange matano au saba ndani ya fremu moja ya mbao, na lile la katikati kwa kawaida ni refu kuliko wenzake. Huo ndio "ubao wa altare". Mzigo kama huo gundi haiubebi.

Ndiyo maana mgongoni utakuta matundu mawili, matatu, wakati mwingine manne, yaliyozibwa kwa risasi (ile metali laini ya kijivu), na ndani ya risasi kuna waya wa shaba au mabaki yake. Waya ulipita kwenye ubao wa nyuma wa fremu ukasokotwa. Utaona pia alama za tindo zilizoachwa bila kusuguliwa, sehemu ya chini iliyopunguzwa, na wakati mwingine mikwaruzo ya makusudi: mstari mmoja, miwili, mitatu, au alama kama mshale. Hizo ni za mpangaji, ajue lipi linaanza na lipi linafuata. Mgongo ulio laini kama kioo, wenye nusu duara za msumeno wa mashine, unataka maelezo.

#2 Mchokozi wa Pwani

Naweka kambi hapa. Ila mkuu, risasi iliyoyeyuka kwenye jiwe linaloogopa joto? Mbona halikupasuka?

#3 Keekee

Swali zuri, niruhusu Tindo nijibu.

Tundu linatobolewa kwa keekee, si kwa kupigilia, kwa sababu bamba lenyewe ni jembamba na upande wa pili kuna uso wa mtakatifu. Kina kinatakiwa kiwe chini ya nusu ya unene uliobaki baada ya kuchonga. Hapo ndipo wengi wanaojaribu kuiga kazi hii wanakosea: wanapima unene pembeni mwa bamba wakati katikati pameshachimbwa sana. Tundu likishaingia, linapanuliwa kidogo chini kuliko mdomoni, ili risasi ikiganda isiweze kuchomoka. Waya unakunjwa kitanzi, ncha zake zinaingizwa, halafu risasi inamiminwa.

Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, na jasi inaanza kupoteza maji yake chini sana ya hapo. Kinachookoa ni kiasi: tundu la upana wa kidole kidogo linachukua risasi kidogo, na jiwe baridi la kilo 9 linainyonya joto mara moja. Athari inabaki kwenye ngozi ya tundu tu. Hatari kubwa zaidi ni unyevu. Tundu likiwa na maji hata tone, yanageuka mvuke ghafla na risasi inarushwa usoni kwa fundi. Kwa hiyo tundu linakaushwa kabisa kwanza, taratibu, bila kulisogezea moto.

Risasi ikishaganda inanywea kidogo. Inagongwa kwa kipande cha chuma butu ijae tena tundu. Ukiangalia kwa karibu mgongo wa bamba la zamani utaona uso wa risasi una vibonyeo vidogo. Waya uliokatika ukaacha ncha ya kijani ndani ya risasi ya kijivu ni dalili nzuri sana. Skrubu ya chuma ndani ya plasta nyeupe ni kazi ya mtu wa baadaye, na chuma hicho kina balaa lake.

#4 Mchokozi wa Pwani

Shule nzuri. Lakini kama ukucha unaukwaruza, tofauti yake na jiwe la Kisii ni nini? Si yote mawe laini tu?

#5 Tindo

@Mchokozi hapana, yanafanana kwa ukucha tu. Jiwe la Kisii, lile linalochimbwa Tabaka, Kenya, lina ulanga mwingi: linateleza kama sabuni mkononi na maji hayalisumbui, ndiyo maana linasuguliwa ndani ya beseni bila wasiwasi. Alabasta ni fuwele za jasi, na fuwele zina tabia ya kuvilia.

Kuvilia ni nini: ukisimamisha ncha ya tindo wima juu ya alabasta ukapiga, chini ya pigo fuwele zinaachana na panatokea doa jeupe kama donda la ndani. Utakata juu, utasugua, doa litabaki, kwa sababu limeingia milimita kadhaa chini. Dawa yake ni kulaza tindo, nyuzi 45 au chini ya hapo, na kuacha tindo la ncha mapema, ubaki na tindo la meno kisha tindo bapa. Sehemu ya mwisho haipigwi nyundo kabisa, inakwanguliwa. Usuguaji wa leo unaanza na msasa 120, halafu 220, 400 na 600, kila hatua ifute mikwaruzo ya hatua iliyopita. Ukiruka hatua, mkwaruzo wa 120 utaonekana vizuri sana siku utakapong'arisha.

Ndiyo maana pia wachongaji wale waliweza kuchimba nyuma ya vichwa na mikono mpaka mtu anakaribia kujitenga na bamba. Jiwe linakubali. Mabamba ya karne ya 15 yana umati: askari watano, farasi, miti ya mikuki, vyote ndani ya upana wa sentimita 25. Kinachovunjika kwanza ni vile vilivyosimama peke yake: mikuki, vidole, pua, fimbo ya askofu. Bamba la umati ambalo halijapoteza hata kidole kimoja nalitilia shaka kabla sijalisifia.

#6 Nili

Naomba niingie kwenye rangi, kwa sababu hapo ndipo watu wanapotea zaidi.

Kuna dhana mbili, zote mbovu. Ya kwanza ni kwamba weupe ulikuwa ndio lengo. Ya pili, iliyokuja kusahihisha ile ya kwanza, ni kwamba bamba lote lilifunikwa rangi. Ukweli ni mtamu kuliko zote mbili: fundi alipaka sehemu na kuacha sehemu kwa makusudi. Uso wa Maria uliachwa jiwe tupu lililong'arishwa, ukawekewa mboni, nyusi na midomo. Vazi mara nyingi lilibaki jiwe, likapewa pindo la dhahabu, na bitana, pale joho linapojikunja, ikapakwa nyekundu au buluu. Nywele, ndevu, mataji na mabawa vilipata dhahabu. Jiwe lilikuwa mojawapo ya rangi za fundi.

Sasa chukua ardhi wanayosimama watu wale, chini kabisa ya bamba. Kijani kizito, karibu cheusi leo. Juu yake maua madogo: kitone chekundu katikati, na vitone vyeupe vitano au sita kukizunguka, kila kimoja kimewekwa kwa mguso mmoja wa ncha ya brashi. Hakuna ua lililochorwa. Ni kugusa, kugusa, kugusa, unahamia lingine. Kazi ya dakika chache kwa mtu aliyezoea, na ndiyo saini ya biashara hii. Ukiyaona maua hayo bamba likiwa Bordeaux au Iceland, unajua lilikotoka. Hata rangi ikishabanduka mara nyingine ua linabaki kama kivuli, kwa sababu jiwe lililokuwa chini ya rangi limechakaa tofauti na lililokuwa wazi. Washa tochi pembeni, mwanga ulale juu ya jiwe, usimulike usoni. Vivuli vya maua vitajitokeza.

Juu, nyuma ya vichwa, kuna anga la dhahabu lenye vinundu. Vinundu hivyo havikuchongwa. Ni matone ya chokaa laini iliyochanganywa na gundi, yaliyodondoshwa yakaganda, kisha yakafunikwa dhahabu pamoja na anga lote. Mshumaa ukitikisika, kila kinundu kinashika mwanga wake. Vingi vimedondoka na kuacha miduara midogo, na mara kadhaa miduara hiyo hutajwa kuwa ni uharibifu wa wadudu. Wadudu hawali jasi, wakuu.

Vifaa: zinjifuri (nyekundu ya zebaki), nyekundu ya risasi, nyeupe ya risasi, buluu ya azuraiti, nili, kijani cha shaba, masizi, na udongo wa rangi. Kiunganishi kikubwa ni mafuta. Kwenye sanamu za mti walianza na matabaka mazito ya chokaa na gundi kuficha nyuzi za ubao. Kwenye alabasta hakukuwa na cha kuficha, rangi ilikwenda karibu moja kwa moja juu ya jiwe. Faida yake ni kwamba michongo haikuzibwa. Hasara yake tunaiona leo: jiwe lililosuguliwa halina vinyweleo vya kushikia, rangi inabanduka kwa magamba, na kilichosalia kiko kwenye mikunjo ambako vidole na vitambaa vya wafagiaji havikufika.

Dhahabu ilikaa juu ya mafuta yenye udongo wa njano. Unapaka, unasubiri mafuta yaanze kunata, unalaza dhahabu iliyofuliwa ikawa nyembamba kuliko utando wa kitunguu. Ukiwahi, dhahabu inazama kwenye mafuta na kufifia. Ukichelewa, haishiki na brashi inaifagia.

#7 Mchokozi wa Pwani

@Nili nimekuelewa. Ila kuna jambo linanikera, tuliseme waziwazi. Kwenye mabamba ya mateso nimeona wale wanaompiga Yesu wana nyuso nyeusi. Ni uchakavu wa rangi au walikusudia?

#8 Nili

Walikusudia, na sioni sababu ya kulizungukia. Wapigaji, askari wa Herode na wauaji wa wafia dini walipakwa uso kahawia nzito au weusi, wakachongewa pua kubwa na midomo iliyopinda. Ni lugha ya picha ya Ulaya ya wakati ule: weusi wa uso umewekwa kama alama ya uovu, na kwenye alabasta alama hiyo inapiga kelele zaidi kwa sababu watakatifu wameachwa na weupe wa jiwe. Mtazamaji asiyejua kusoma alitambua nani adui akiwa mbali.

Kwa upande wa ufundi kuna tofauti moja ya kuangalia. Weusi wa makusudi una ukingo: unaanzia kwenye mstari wa kofia na kuishia kwenye kola. Weusi wa moshi au wa nyekundu ya risasi iliyobadilika hauheshimu mipaka, unapita uso, kofia na nguo. Ukiona lebo ya makumbusho inasema tu "mabaki ya rangi" bila kutaja hili, mwandishi wa lebo amelikwepa.

#9 Altare Ndogo

Samahani wakuu, swali la vitendo. Sanamu ya alabasta ikiwa chafu, si unaweza kuiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo? Jiwe ni jiwe.

#10 Keekee

USIOSHE. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu hilo ndilo limeua sura nyingi kuliko nyundo.

Jasi inayeyuka kwenye maji. Si kwa kasi ya chumvi, lakini lita moja inabeba karibu gramu 2.4. Ndoo ya lita 10 inaweza kuondoka na gramu 24 za jiwe. Hazitoki sawasawa: maji yanaanza na kingo kali, yaani kope, mdomo, mistari ya nywele, mikunjo. Bamba linatoka "safi" na lenye uso kama sabuni iliyotumika wiki mbili. Maji yenye chumvi yanayeyusha zaidi. Ndiyo sababu pia alabasta haikuwekwa nje kwenye mvua ya Uingereza ila pale palipokingwa, na hata hapo imelika.

Kinachofanyika: brashi laini kavu, vumbi likielekezwa kwenye mdomo wa mashine ya kunyonya uliofungwa wavu, ili kipande kikibanduka kisipotee. Uchafu wa masizi na nta unashughulikiwa kwa pamba kijitini na kiyeyushi kisicho na maji, sehemu moja ndogo kwanza, na juu ya jiwe tupu tu. Penye rangi, hata ikiwa punje, simama. Hiyo ni kazi ya mhifadhi mwenye darubini. Kipande kilichovunjika hakigandishwi kwa gundi za dukani zinazoganda moja kwa moja. Wahifadhi wanatumia Paraloid B72 kwa sababu inayeyuka tena kwa asetoni siku ikitakiwa.

Joto nalo. Jasi ina maji ndani ya fuwele zake. Kwenye hewa kavu yenye joto la kudumu la nyuzi 40 hadi 50 yanaanza kuondoka polepole, na zaidi ya 100 yanatoka kwa kasi. Robo tatu ya maji hayo ikitoka unabaki na unga wa plasta, ule wanaofungia mifupa iliyovunjika hospitali. Kwenye sanamu dalili ni doa jeupe pepe, lisilopitisha mwanga, kama chaki. Taa kali ya maonyesho iliyosogezwa karibu, mshumaa chini ya mkono wa mtakatifu, kipasha joto cha kanisa ukutani: yote yanatosha. Hakuna namna ya kulirudisha doa hilo.

Na ile skrubu niliyoitaja #3. Chuma kikipata unyevu kinaota kutu, na kutu inahitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Jiwe laini linapasuka kuanzia ndani, ufa unatokea miaka mingi baada ya fundi kuondoka. Waya wa shaba ndani ya risasi haukuwa na tatizo hilo. Watu wa karne ya 15 walilijua, wa karne ya 19 wakalisahau.

#11 Altare Ndogo

Asante kwa kuniokoa. Nimeelewa.

#12 Mwanga Pembeni

Tindo, mtu akiletewa bamba anaanzaje kulipima? Nimeona wanadondoshea tindikali.

#13 Tindo

Tindikali ni ya kutofautisha kalsaiti na jasi. Kalsaiti inatoa mapovu, jasi imetulia. Inahitajika kwa sababu neno alabasta linabeba mawe mawili: vile vyombo vya marhamu vya Misri ya kale ni kalsaiti, ugumu 3, ukucha hauvikwaruzi. Lakini tindikali haidondoshwi mbele ya bamba. Inatosha punje ya vumbi kutoka kwenye mvunjiko wa zamani mgongoni, inajaribiwa mbali kwenye kioo.

Ila tindikali ina upofu mmoja mkubwa. Nakala ya plasta iliyomiminwa kwenye kalibu la bamba halisi ni jasi vilevile! Tindikali itanyamaza na ukucha utakwaruza. Hapo tumia tochi: kwenye ukingo mwembamba alabasta inawaka ndani kwa rangi ya asali, plasta inabaki kavu kama chaki. Tafuta vipovu vya hewa kwenye mikunjo ya ndani. Tafuta mishipa ya wekundu: kwenye jiwe inapita kutoka mbele hadi mgongoni, kwenye nakala imepakwa na inaishia pembeni.

Bamba la jiwe halisi lililochongwa jana ni mtihani mgumu zaidi. Angalia kama rangi imeingia ndani ya mivunjiko. Rangi ya zamani inaishia pale jiwe lilipovunjika, haitelemki ndani ya jeraha. Angalia pua. Sanamu nyingi zilivunjwa nyuso wakati wa Matengenezo ya Kanisa, na wauzaji wa baadaye wakachonga pua mpya ndani ya nyama iliyobaki, kwa hiyo uso unakuwa umebonyea kuliko masikio. Uso wa kweli wa kazi hii una paji pana la juu, macho yaliyotokeza yenye kope nzito, na kidevu kidogo.

Kwa tarehe, tazama juu ya bamba. Mengi ya mwishoni mwa karne ya 14 na mwanzoni mwa 15 yana paa lenye meno ya ngome lililochongwa kwenye jiwe lile lile. Baadaye paa lilichongwa kipande cha pembeni, na bamba lenyewe likakatwa moja kwa moja juu. Silaha na deraya za askari nazo zinasaidia kwa sababu wachongaji waliwavisha Warumi nguo za vita za zama zao.

#14 Mwanga Pembeni

Na kujua kama ni kazi ya Nottingham, mji unaotajwa kwenye lebo nyingi za mabamba haya?

#15 Tindo

Kwa macho tu, hujui. Kuandika "shule ya Nottingham" chini ya kila bamba ni uvivu uliozoeleka. Nottingham ina hati nyingi, lakini kulikuwa na wachongaji Burton upon Trent, York na kwingineko, wakitumia jiwe lile lile na michoro ile ile.

Jiwe lenyewe linaweza kuhojiwa. Utafiti uliochapishwa 2017, ukiongozwa na Wolfram Kloppmann, ulipima isotopu (atomi za elementi moja zenye uzito tofauti) za salfa, oksijeni na strontiamu kwenye sanamu nyingi za Ulaya, ukatenganisha alabasta ya Uingereza na ya Hispania na ya Ufaransa, ambayo chimbo lake kubwa lilikuwa Notre-Dame-de-Mésage karibu na Grenoble. Vumbi kidogo tu linatosha. Linakwambia jiwe limetoka wapi, halikwambii mchongaji alikaa mtaa gani.

#16 Kibanda cha Hati

Hati zimetajwa, ngoja nizimwage, kwa sababu zinaonyesha hii ilikuwa biashara yenye bei, madeni na kesi.

Juu kabisa sokoni: Peter wa Nottingham, mwashi, alitengeneza ubao wa altare wa kanisa la St George, Windsor, kwa Edward III. Malipo yanaonekana 1367, bei ni marki 300, yaani pauni 200. Kuusafirisha kulihitaji mikokoteni 10 na farasi 80. Rudi kwenye hesabu ya kilo ya Tindo, utaona huo haukuwa ubao wa mabamba matano.

Katikati: 1419 Thomas Prentys na Robert Sutton, wachongaji wa Chellaston, wanaandikiana mkataba wa kaburi la Ralph Greene huko Lowick, Northamptonshire. Pauni 40. Mkataba unataka mume na mke wameshikana mikono, na ukienda Lowick bado wameshikana. Prentys huyo huyo, 1414, ndiye aliyeuza mawe kwa Alexandre de Berneval, mjenzi wa Rouen aliyetumwa na abate wa Fécamp. Alikuwa anauza jiwe na anauza sanamu.

Chini: 1491 Nottingham, Nicholas Hill, mtengeneza sanamu, anamshtaki mchuuzi wake William Bott kwa ajili ya vichwa 58 vya Yohane Mbatizaji. Hamsini na nane! Hicho ni kibamba kidogo cha nyumbani, kichwa juu ya sahani, Yesu wa mateso chini yake, watakatifu pembeni. Hakikuagizwa na mtu mmoja mmoja. Kilichongwa rundo, kikapewa mchuuzi azunguke nacho.

Nje ya nchi: 1382 mkusanyaji wa mapato ya Papa, Cosmato Gentili, alipewa ruhusa kusafirisha kupitia Southampton sanamu tatu kubwa za alabasta, Maria, Petro na Paulo, na ndogo moja ya Utatu. 1456 John Goodyear, padri wa Chale kwenye kisiwa cha Wight, alitoa ubao wenye maisha ya Mtakatifu Yakobo kwa kanisa kuu la Santiago de Compostela, na uko huko hadi leo, fremu na rangi vikiwemo.

Halafu serikali ikageuka. 1550 sheria ya Edward VI ikaamuru sanamu zilizobaki makanisani ziharibiwe. Mwaka huo huo, mwezi Septemba, balozi wa Uingereza Ufaransa, Sir John Mason, anaandika kwamba meli tatu au nne zimefika kutoka Uingereza zimejaa sanamu, na zinauzwa Paris na Rouen. Kwa hiyo baadhi ya zilizoko Ufaransa leo hazikuagizwa, zilikimbizwa.

#17 Mchokozi wa Pwani

Yaani amri ya kuvunja ikageuka mnada. Wafanyabiashara ni wale wale.

#18 Altare Ndogo

Wakuu kwa sisi tunaotazama picha tu, matukio tunayatambuaje bila maandishi?

#19 Nili

Kuna vitu vichache ambavyo ukivijua hutakosea.

Ufufuko: Yesu anatoka kaburini akimkanyaga askari aliyelala. Mguu uko juu ya mwili kabisa. Ni kawaida sana kwenye alabasta ya Uingereza.

Maria kupalizwa: chini pembeni kuna mtu mdogo amepiga magoti ameshika utepe unaoning'inia. Ni Toma, aliyechelewa, akapewa mshipi wa Maria kama uthibitisho. Mshipi ni jiwe jembamba, kwa hiyo mara nyingi umevunjika na Toma amebaki akishika hewa.

Askofu aliyechimbwa uso wakati wenzake wawili wazima: fikiria Thomas Becket, askofu mkuu wa Canterbury aliyeuawa akafanywa mtakatifu. Mfalme Henry VIII alimfuta utakatifu 1538, na wavunjaji walimtafuta kwa jina.

Ukitaka kuona seti nzima ndani ya fremu yake, tafuta picha za ubao wa Swansea, uko Makumbusho ya Victoria and Albert, London. Mabamba 7 ya furaha za Maria na watakatifu, Utatu ukiwa katikati na mrefu kuliko wengine. Makumbusho hiyo ilipokea mamia ya alabasta kutoka kwa mkusanyaji W. L. Hildburgh mwaka 1946.

#20 Altare Ndogo

Nimeutazama huo Utatu na mwingine ambao uko peke yake. Baba ameketi, mbele yake Mwana msalabani, lakini Roho Mtakatifu simuoni. Juu ya msalaba kuna kitundu tu. Ni cha kuning'inizia?

#21 Keekee

Hapana, cha kuning'inizia kiko mgongoni na kina risasi. Hicho cha mbele ni kifupi na hakina kitu ndani. Njiwa alichongwa peke yake na kuchomekwa hapo kwa kijiti. Kijiti kikaoza, njiwa akadondoka.